Gari Lililoposwa kwa Nta

Kijana alifungua mlango wa gari, nao ukalia vilevile ulivyokuwa ukilia zamani, na kabla sijaona chochote ndani ikanijia harufu. Ninyi wa rika langu mliokulia Unyamwezi mnaijua harufu ya nta iliyopigwa na jua. Si asali, si moshi, ni vyote viwili, na kuna kitu kingine cha porini humo ambacho sijawahi kujua nikiite nini. Nilisimama pale gereji, huku Isevya, mjini Tabora, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine kwenye ule mlango, nikarudi kuwa mtoto wa kukimbilia gari peku.

Yule kijana anaitwa Kondo. Ametoka Dar es Salaam, na kazi yake ni kutafuta magari ya zamani yaliyokwisha tupwa, kuyafufua, kisha kuyapeleka kwenye maonesho ambako watu huyazunguka wakiyatazama kama mtu anayetazama picha za harusi. Hili alilikuta Urambo, nyuma ya ghala la tumbaku, nyasi zimepita sakafuni zikafika kwenye usukani. Alilileta Tabora kulitengeneza, na huku akiulizia: nani aliliuza likiwa jipya, na limepita mikononi mwa nani na nani. Kwenye maonesho yao, gari lisilojulikana lilikotoka halipewi nafasi. Mjukuu wangu Sizya, anayeendesha bajaji yake mwenyewe hapa mjini, akamsikia akiuliza pale stendi. Akamwambia, "Kama unataka majina, twende kwa bibi yangu. Yule hasahau jina la mtu hata akitaka."

Ni kweli. Shule niliishia darasa la tatu, na haya mnayosoma nimeyaandika polepole, na mkono ulipochoka nilitamka Sizya akaandika. Lakini majina ninayo yote.

"Bibi, hebu nisaidie," Kondo akasema, akachutama akaonyesha sakafu ya gari. "Hiki kitu cha njano nimekikuta kwenye kila ufa. Fundi anasema ni gundi ya kiwandani. Nimeshaanza kukikwangua."

"Acha kukwangua, baba. Hiyo ni nta ya nyuki. Alizibia mama yangu."

"Mama yako alikuwa fundi?"

"Alikuwa mwenye gari."

Akatoa kadi ya gari kwenye mfuko wa nailoni, imechakaa mpaka inapitisha mwanga. Akanisomea. Mwenye gari wa kwanza, Maganga. Wa pili, Kapaya.

"Maganga ni baba yangu," nikamwambia. "Mwalimu Kapaya wa Urambo ndiye aliyelinunua kwa mama. Katikati hapo kuna Kalunde. Huyo ndiye mama."

Akaitazama kadi mbele na nyuma. "Kalunde hayumo humu, bibi."

"Najua hayumo. Ndiyo maana nimekuja."

Nilikuwa sijui, mpaka nilipolisema, kwamba hilo ndilo nililolitaka. Gari linakwenda kusimama mbele ya watu, na ubao utawekwa kando yake wenye majina ya waliokuwa nalo, na mama yangu asiwemo. Yaani mpita njia asome jina la mwalimu Kapaya, aliyelibebesha tumbaku, na asisome la Kalunde. Nilijisikia kama mtu anayesimulia msiba wa nyumbani kwetu na kumsahau mfiwa.

Chini ya dashibodi kuna kibati kidogo cha shaba, cha duka lililouza gari. Jina la duka limesuguliwa likafutika, limebaki neno Tabora tu. Kondo alikuwa amekipiga picha akawatumia watu wengi, hakuna aliyejua. Nikamwambia Sizya atupeleke barabara ya stesheni. Leo hapo wanauza makava ya simu na viatu vya mtumba. Nikashuka nikawaonyesha ule mlango mpana kuliko milango ya jirani zake, na kiteremko cha saruji ambacho mwenye viatu ameweka meza juu yake. "Kile kiteremko hakikujengwa kwa ajili ya wateja," nikasema. "Ndipo yalipokuwa yakitokea magari."

Duka lilikuwa la Mhindi tuliyemwita Bwana Saa Sita. Jua likifika utosini tu, hata kama unahesabiwa chenji, anafunga anakwenda kula, na akishafunga hafungui mpaka alale kidogo. Aliuza mafuta ya taa, misumari, majembe, na ndani kabisa, kwenye giza lenye harufu ya raba mpya, aliuza magari. Mara nyingi lilikuwepo moja tu, nalo limefunikwa shuka jeupe tangu juu mpaka magurudumuni. Sisi watoto tulikuwa tukichungulia kupitia miguu ya wakubwa. Hatukujua kuna nini chini ya lile shuka. Mimi kwa akili yangu niliona ni mwali amewekwa ndani.

Msinicheke. Kila kilichofuata kilinithibitishia hivyo.

Baba yangu alikuwa mtu wa asali na nta. Alizunguka kwa warina asali wa misitu ya Sikonge na Urambo, ananunua masega, na nyumbani mama anachuja asali, kisha masega anayachemsha, anayakamua kwenye gunia, ile nta anaimimina kwenye karai ipoe. Asubuhi inatoka duara la njano, zito, laini kama sabuni. Bwana Saa Sita alikuwa akiipokea nta na kuisafirisha kwa treni. Basi baba akaanza kupeleka nta asilipwe. Mzigo kwa mzigo, msimu mpaka msimu, anarudi mikono mitupu, na mama hagombi. Nilimsikia baba akimwambia jirani, huku akicheka, "Babu yangu alibeba nta hii hii kichwani, kwa miguu mpaka Bagamoyo, akarudi na kaniki. Mimi naibeba mpaka mtaa wa pili tu, na nitarudi na kitu kitakachonibeba mimi."

Mimi nilichoelewa ni kwamba anatoa mahari.

Siku ya kulichukua tulikwenda wote. Bwana Saa Sita alivaa nguo nyeupe. Akavuta shuka taratibu, na chini yake ikatokea pikapu ya Kiingereza, rangi ya mchicha uliokolea, mashavu ya mviringo, macho makubwa ya kioo. Akalivika shada la maua. Akapaka unga mwekundu kwenye boneti kwa kidole. Akaweka ndimu chini ya magurudumu, akapasua nazi mbele yake, maji yakaruka mpaka kwenye gauni langu. Mkewe akatugawia vitu vitamu. Sasa niambieni, mtoto anayejua harusi tu, aone maua na vitu vitamu na shuka linafunuliwa, afikiri nini?

Tulipofika nyumbani baba akaliingiza kwenye banda jipya alilolijenga ubavuni mwa nyumba, lina mlango wake na kufuli lake. Hapo moyo ukanianguka. Nikamfuata mama jikoni, nikamshika kanga.

"Mayu, huyu naye nimwite mama mdogo?"

"Nani, mwanangu?"

"Huyu mke wa baba. Wa bandani."

Mama aliniangalia. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kushika mlango, mwili umemwishia nguvu, akataka kusema akashindwa, akashika mlango tena. Aliposhusha pumzi akatoka akawaambia majirani wote. Tangu siku ile gari letu likawa Mama Mdogo. Rejeta ikikauka baba ananiita, "Kabula, lete maji, mama yako mdogo ana kiu." Likigoma asubuhi, mama anasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mke mwenzangu leo kanuna. Mbembelezeni."

Na aliyejua kumbembeleza kuliko wote alikuwa mzee Pazi. Huyu alikuwa Mzaramo, fundi wa magari, aliyekuja na reli kutoka pwani akapapenda Tabora asirudi. Yeye na baba hawakuwahi kusalimiana vizuri hata siku moja. Ninyi mnajua utani wetu na Wazaramo, umetoka kwenye njia ya misafara, babu zetu walipokuwa wakipita na mizigo vijijini kwao. Mzee Pazi akiwa chini ya gari, miguu tu inaonekana, utasikia, "Maganga, hivi wewe babu yako angepewa gari hili, si angelibeba kichwani?"

"Na babu yako angemngoja huko pwani amuuzie nazi mbovu."

"Alinunua?"

"Alinunua. Ndiyo maana mnamkumbuka."

Mimi niliamini wanachukiana. Nilikuwa nikimpa mzee Pazi shikamoo nikiwa nimesimama mbali, kwa tahadhari.

Kisha baba akaugua. Ilikuwa baada ya mvua, homa iliyompanda haraka, akapelekwa hospitali akiwa amekaa kiti cha mbele cha Mama Mdogo, mzee Pazi akiendesha. Gari likarudi bila yeye.

Ndugu walikuja kutoka kila upande. Kutoka Lusu alikuja baba mkubwa Mihayo, kaka yake baba, mfugaji mrefu mwenye sauti ya chini. Hakuwa mtu mbaya, namtaja kwa heshima yake. Alisema kilichokuwa kikisemwa siku zile kwenye kila nyumba iliyofiwa: mtoto aliyepo ni wa kike, mjane atarithiwa akikubali, na mali ni ya ukoo. "Gari tutalipeleka Lusu," akasema. "Tukishaanua matanga, naondoka nalo." Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi. Akajibu, "Nimesikia, shemeji." Basi.

Mimi nikaelewa kwa namna yangu. Nikaona baba mkubwa anarithi wake wote wawili, mama na Mama Mdogo, na sote tunahamia Lusu. Kilichonikosesha raha ni kufikiria safari yenyewe. Nikawa nawaza, nani atakaa mbele?

Wakubwa wengine walikuwa wanawaza tofauti, na leo najua. Walijua mama bila gari hana nta, kwa maana masega yako porini na warina asali hawaleti mjini kwa mwanamke asiye na usafiri. Angebaki na karai tupu. Lakini nani amwambie hivyo baba mkubwa, kwenye msiba, mbele ya wazee wa ukoo?

Siku ya kuanua matanga, mchana, uwanja umejaa watu, tukamwona baba anakuja.

Nasema baba kwa sababu ndivyo tulivyomwona. Ile kofia yake ya ukindu yenye doa la nta ubavuni. Ule mwendo wake wa kushusha bega la kushoto. Kile kikohozi chake cha kabla ya kusalimia. Wanawake wakapiga kelele, halafu kelele zikageuka kicheko, halafu kilio, kisha kicheko tena na machozi yakitiririka. Alikuwa mzee Pazi. Mtani kwenye msiba ana ruhusa ya kila kitu, na hakuna wa kumkasirikia. Akapita katikati ya wafiwa anagombeza chakula hakina chumvi, akawauliza wazee mbona hawafi wao. Akaenda moja kwa moja bandani, akaingia kwenye gari, akafunga mlango, akapiga honi ndefu.

"Marehemu amenijia," akasema kwa sauti kupitia dirishani. "Kasema, Pazi, njoo ulitunze gari langu, hawa Wanyamwezi watalibeba kichwani mpaka Lusu. Basi nimelichukua. Ni langu. Anayelitaka alikomboe."

Watu wakashangilia. Baba mkubwa naye akatabasamu, maana desturi anaijua, akatia mkono mfukoni.

"Rudisha mfukoni, Mihayo," mzee Pazi akasema. "Hela hata mimi ninazo. Nataka asali."

"Asali?"

"Asali. Na isiwe ya kununua. Nataka anipe yule aliyeichuja kwa mkono wake."

"Mimi mtu wa ng'ombe, asali ya mkono wangu nitaitoa wapi saa hii?"

"Ningekuwa nataka maziwa ningekwambia. Kaa pembeni, mpishe mwenye nayo."

Nikamwona mama anainuka kwenye mkeka. Tangu tufiwe alikuwa hajasimama mbele ya watu. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu. Hata mimi, na utoto wangu, nililiona jambo moja: kibuyu kilikuwa kimefutwa kikang'aa, na mdomo wake umefungwa kitambaa kipya.

Akampa dirishani. Mzee Pazi akafungua, akatia kidole, akaonja, akafumba macho kwa muda mrefu kupita kiasi, watu wakaanza kucheka. Alipofumbua hakuwa akicheka.

"Nani amelikomboa?" akauliza.

Akatoa kichwa dirishani, akatutazama wote.

"Nawauliza wote mliokuja kwenye msiba huu, msije mkasema hamkuona. Gari la Maganga limekombolewa na nani?"

Mama mmoja wa jirani, mama Nyanzala, akasema, "Kalunde." Kisha wanawake wa upande wa jikoni wakasema, "Kalunde." Halafu wanaume. Mwishoni wazee wa ukoo wenyewe, kwa sababu wameona, na mzee hawezi kuona kitu uwanjani akakataa kukisema. Mzee Pazi akashuka, akavua kofia ya baba, akauweka ufunguo kwenye kiganja cha mama, akamkunja vidole kimoja kimoja.

"Mke mwenzio huyo," akamwambia. "Umemkomboa mwenyewe. Kaa naye."

Mimi nilikuwa nalia kwa sauti. Nilidhani mzee Pazi amekuja kumposa Mama Mdogo, amekataliwa, na sasa atatupiga. Baba mkubwa alisimama anatazama lile gari, anatazama watu. Angekasirika, angekuwa amemkasirikia mtani msibani, na aibu hiyo ingemfuata mpaka Lusu na kumtangulia kufika. Akatikisa kichwa. "Mzaramo huyu kanila mzimamzima," akasema, akacheka, kicheko kidogo lakini cha kweli. Kesho yake akapanda basi. Hakulidai gari tena, na kila alipokuja mjini alipanda humo humo kama mgeni, na mama akimwendesha.

Miaka mingi baadaye, nami nimeshazaa, nilimuuliza mama kama walikuwa wamepatana na mzee Pazi. Alikuwa anachuja asali, hakuinua macho. "Asali huwa naiweka tayari siku zote," akasema. Sikupata zaidi ya hapo mpaka anaingia kaburini.

Mzee Pazi ndiye aliyemfundisha kuendesha, njia ya kwenda Kwihara, kwa kuwa ilikuwa tupu na imenyooka. Mimi nimekaa nyuma na madebe. "Kanyaga klachi, Mnyamwezi, huyu siyo punda." Mama akikosea gia, gari linaruka, naye anamjibu, "Nimefundishwa na Mzaramo, utegemee nini." Na siku aliyoingia nalo sokoni peke yake, jamani. Wanaume walishuka kwenye baiskeli. Muuza samaki mmoja alisahau samaki mkononi. Mwanamke, mjane, kanga imefungwa kiunoni, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine nje ya dirisha, anapita polepole kusudi. Na mimi pembeni yake.

Nilikaa mbele.

Tangu hapo masika na kiangazi chetu vilikuwa barabarani. Sikonge, Urambo, Nzega, tunakwenda kwenye asali iliko. Warina asali waliijua honi yake wakiwa bado juu ya miti. Vumbi la njia zile liliingia kupitia sakafu iliyoanza kuachia, likawa linaharibu asali, basi mama akawa anayeyusha nta, anaikanda na majivu kidogo, anaishindilia kwenye kila ufa kwa kidole gumba. Jua likichoma, gari lote linanukia. Nilisoma mpaka pale nilipoishia kwa nta ile, nikaolewa nikiwa na sanduku la nguo zangu kwa nta ile.

Kadi ya gari mama hakwenda kuibadilisha. Alisema watu wote wanajua. Na kweli, walijua. Hakuna askari wa Tabora aliyewahi kumsimamisha akamuuliza gari la nani. Kwa hiyo ukifuata karatasi, baba yangu aliliendesha lile gari miaka yote ile akiwa amelala makaburini. Macho ya mama yalipoanza kuwa mazito, ndipo akamuuzia mwalimu Kapaya, huyo akamuuzia Salum bin Nasoro aliyekuwa akisambaza mikate, naye akampa Doto Msabila wa Urambo, ambaye nyuma ya ghala lake ndipo Kondo alipolikuta.

Yote haya nilimweleza Kondo tukiwa tumekaa kwenye benchi la gereji. Alisikiliza vizuri, simlaumu. Alipomaliza kuandika akasema, "Bibi, mimi nakuamini. Jina la duka nitaliweka, maana kibati kipo na jengo lipo. Lakini wale waandaaji wanataka wenye gari walingane na kadi. Nikiongeza jina lisilo na karatasi wanaweza kulitoa gari lote. Nimeweka kila nilichonacho humu ndani."

Nikamwelewa. Nikarudi nyumbani. Sikula vizuri.

Asubuhi ya kulipakia nikamwambia Sizya aniwahishe. Lori lilikuwa limeshafika, dereva wake anapiga mswaki. Mama Mdogo yuko tayari, rangi ile ile ya mchicha, mashavu yanang'aa, mpaka nikataka kumsalimia. Kando, mchora mabango ameegemeza ubao ukutani, ameshaandika jina la gari na la duka la Bwana Saa Sita, na jina la baba. Alikuwa anachovya brashi aandike la Kapaya.

"Kondo, baba," nikasema. "Sijakuuliza. Kwenu hasa ni wapi?"

"Kisarawe, bibi."

"Mzaramo?"

"Mzaramo."

"Kwa baba na kwa mama?"

"Pande zote, bibi. Kwa nini?"

"Nisaidie nikae humo mara ya mwisho."

Akanishika mkono kwa adabu, akanikalisha kwenye usukani. Ufunguo ulikuwa kwenye swichi. Nikauchomoa, nikaufunga kwenye pindo la kanga, nikavuta mlango, nikabonyeza kitasa. Halafu nikapiga honi. Imebadilishwa, haina ile sauti, lakini gereji nzima iligeuka.

"Bibi?"

"Nimelichukua," nikamwambia kupitia dirishani. "Babu yako alimuuzia babu yangu nazi mbovu. Leo nimekuja kudai. Gari ni langu. Unalitaka, likomboe."

Mafundi wakaanza kucheka. Kondo alitazama lori, akatazama saa, akanitazama mimi. "Bibi, tafadhali, dereva anangoja. Barabara ni ndefu."

"Babu zangu waliitembea kwa miguu. Wewe unapanda lori unalalamika."

"Umekamatwa, kijana," fundi mkubwa akamwambia huku anafuta mikono. "Hapo hutakiwi kukasirika. Ukikasirika umeshindwa."

Akatoa simu, akampigia mama yake, akaweka sauti ya nje. "Mama, huku Tabora kuna bibi wa Kinyamwezi ameingia kwenye gari langu, amejifungia. Anasema ni utani."

Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye simu, kavu, ya mtu anayepika. "Ana umri gani?"

"Mkubwa sana."

"Basi mpe anachotaka, mwanangu. Huyo hatoki."

Gereji ilivunjika mbavu. Hata yeye akacheka, akaja akaegemea dirisha. Akasema taratibu, "Unataka asali, bibi?"

"Asali ninayo nyumbani. Nataka jina."

Nikamwona anautazama ubao. Nilijua anachowaza, ni gari lake lote na jasho lake, na sikumharakisha. Ufunguo ulikuwa mgumu pajani mwangu, umefungwa kwenye kanga, na nilikuwa tayari kukaa hapo mpaka jua litue. Kisha akamgeukia mchora mabango. "Usiandike Kapaya kwanza. Andika Kalunde."

Nikashusha kioo mpaka chini nione. Nikamtajia herufi moja moja, kwa sauti, mtoto wa darasa la tatu: ka, a, la, u, na, da, e. Alipomaliza, Kondo mwenyewe akachukua brashi. Mbele ya jina la baba akaongeza, kwa nta. Mbele ya jina la mama akaongeza, kwa asali. Nikafungua mlango, nikafungua pindo la kanga, nikamwekea ufunguo kiganjani, nikamkunja vidole kimoja kimoja.

Juzi alipiga simu kutoka Dar. Waandaaji walimuuliza karatasi ya Kalunde iko wapi. Hakubishana nao, akawafungulia mlango wa gari, likiwa limesimama juani tangu asubuhi, akawaambia wainame wanuse. Wakainama. Gari likabaki. Na anasema watu wanapita ubao ule haraka haraka, wakifika jina la pili wanasimama.

"Wanauliza, bibi. Wanasema, huyu Kalunde alikuwa nani?"

"Ukawajibu nini?"

"Nikawaambia alikuwa mke mwenza wa gari."

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko. Nikataka kumjibu nikashindwa, kicheko cha mama kimenijia, nikashika mlango.